Mkono wa Mgeni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo, na paa la ofisi limechagua kuvuja juu ya meza ya Mkuu peke yake. Wenzangu wamejifanya kuhuzunika. Mimi nimemletea ndoo.

Nimeamua kuandika haya kwa kalamu. Kazi yangu ni kutengeneza programu ya simu ya benki, najua jinsi simu inavyokumbuka mambo ambayo mwenyewe umeshayasahau, kwa hiyo siri zangu siipi. Benki yetu haina tawi, haina foleni, haina mlinzi mlangoni. Benki nzima imo ndani ya simu ya mteja, na mimi ninatengeneza kile anachokiona na kukigusa.

Msimu huu tuna kazi moja, tumeipa jina Mkono. Kila mtu ana namna yake ya kushika simu. Yupo anayebonyeza harakaharaka, yupo anayekandamiza kama anaua mdudu, yupo anayeilaza upande. Mkono unajifunza namna hiyo kimyakimya. Siku mwizi akipata simu yako pamoja na namba yako ya siri, programu itasema: huyu si mwenyewe, na itamfungia. Kwa sasa inatazama tu. Itaanza kufungia watu katikati ya Aprili. Mkuu anaitaja tarehe hiyo kama watu wanavyotaja tarehe ya harusi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Ndoo imejaa. Hakuna jingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Mama kama kila Jumamosi. Anaishi na wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume. Mdogo wangu mwenyewe anaendesha greda kwenye mradi wa barabara huko mbali, nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo.

Mama alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Leo cherehani imefunikwa shuka, na juu ya shuka kuna beseni la nguo. Nikamuuliza kulikoni. Akasema macho yamechoka.

Wifi ameleta chai. Kikombe changu kimejaa, cha Mama kimefika nusu. Labda chai ilipungua, lakini birika lilibaki zito. Halafu simu ikalia, na ilikuwa simu ya Mama, ila mlio ulitoka kwenye mfuko wa aproni ya wifi. Akaitoa, akampa Mama, wakatazamana. Mtazamo wa watu waliokwisha kuzungumza.

"Mama siku hizi anaisahau kila mahali," wifi akasema, wala sikuwa nimeuliza.

Jumatano, 12 Machi

Kwenye timu yetu kuna kijana wa takwimu. Tunamwita Takwimu, na yeye anaitika. Ndiye anayesoma yale ambayo Mkono umejifunza. Wafanyakazi tuliombwa mwanzoni mwa mwaka tuwaandikishe ndugu zetu kwenye majaribio, kwa ridhaa yao. Majina yamefichwa, kila mtu ni namba tu. Mimi nilimwandikisha Mama.

Leo Takwimu ameniita kwenye kioo cha kompyuta yake akicheka. "Tazama simu hii. Januari ilikuwa na mkono mmoja, mzuri, umetulia. Sasa ina mikono mitatu. Hapa mtu kaolewa, au kaibiwa."

Nikacheka naye. Kisha nikaona aina ya simu. Ni ya zamani, ya kitufe kikubwa cha katikati. Nilimnunulia Mama mimi mwenyewe, na kwenye kundi zima la majaribio sidhani kama kuna ya pili.

Nikarudi kwenye meza yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Sikula mchana.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefungua kumbukumbu za ile namba. Haturuhusiwi kutafuta mtu tunayemjua, tulitia sahihi zetu. Lakini sikuona salio, sikuona nani kalipwa nini. Niliona vidole tu. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mkono wa kwanza ni wa Mama, ningeujua popote. Unabonyeza polepole kwa nafasi sawasawa, kama mishono. Tangu Februari unaonekana asubuhi chache, kisha hapana. Wa pili ni wa mtu anayebahatisha: anabonyeza namba mara mbili, anafuta, anasita, anaanza upya. Wa tatu ni mwepesi, hauna shaka, na unatumia kidole gumba cha kushoto.

Kwa hiyo mtu alianza kwa kubahatisha namba ya siri ya Mama. Kisha akaipata.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeangalia tena. Anayebahatisha bado yupo. Mwepesi naye yupo, jana na leo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi naona ki kwenye aproni.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imekata njia ya mkato, nimefika kwa Mama na viatu mkononi. Nimempa wifi simu yangu, nikamwomba aniandikie jina la duka la vitambaa analolisifu. Akafuta mikono, akaandika haraka bila kutazama.

Kwa kidole gumba cha kushoto.

"Mbona unanitazama hivyo, wifi?" akauliza.

"Nakutazama vipi?"

"Kama unanipima nguo."

Mama akacheka. Mimi nikasema nimechoka. Nilipokwenda jikoni kuweka kikombe walianza kunong'ona, nilipotoka wakaacha. Miaka yote sita ya ndoa yake nimemhesabu kama mtoto wa nyumba ile. Leo nimemwona ni mtu aliyetoka kwingine, ambaye kwao sikuwahi hata kukaa nikanywa maji.

Jumatatu, 24 Machi

Takwimu amesimama nyuma ya kiti changu. "Unaangalia nini kila asubuhi?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Yangu."

Hakuondoka mara moja. Mwezi ujao atatafutwa kiongozi wa timu, na sote wawili tunajua. Anakusanya kuni za kunichomea.

Alhamisi, 27 Machi

Takwimu kauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini. Nimemjibu vibaya.

Jumamosi, 29 Machi

Sikwenda kwa Mama. Nimempigia mdogo wangu.

Nilikuwa nimepanga kusema kwa busara, lakini busara ilibaki kwenye mpango. Nikamwambia mkeo ana namba ya siri ya Mama na anaitumia. Nyuma yake mashine zilikuwa zikinguruma.

"Una uhakika, dada?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona anachukua?"

"Nimeona anaingia."

"Umemuuliza?"

Nikamwambia mwizi haulizwi, anaulizwa mwenye mali. Akasema, "Na Mama umemuuliza?" Nikamwambia Mama hataki ugomvi, atamficha. Akashusha pumzi. "Basi nitaongea naye."

Nilipokata simu nilijisikia nimetenda jambo la mtoto mkubwa. Nimeliandika hapa nilisome siku nyingine.

Jumatano, 2 Aprili

Wifi ameondoka. Mama amenipigia na hata salamu hakuniacha niimalize.

"Kachukua begi moja. Kasema anakwenda kwao kupumzika. Umeridhika?"

"Mama, mimi nakulinda."

"Nani alikuambia ninalindwa na wewe?"

Akakata. Nimekaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua haijapumzika tangu jana. Mkuu kasema tarehe haisogei: Jumatano ya tarehe kumi na sita Mkono unaanza kufunga milango.

Jumatano, 9 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilifungua kumbukumbu za Mama kwa mara ya mwisho, kujiridhisha kwamba mambo yametulia. Mkono mwepesi haupo tangu wifi aondoke, kama nilivyotarajia. Lakini yule anayebahatisha yupo, tena amezidi. Jana peke yake alijaribu mpaka namba ikajifunga kwa kukosewa mno, akasubiri, akajaribu tena. Na nyumba ile haina mtu mwingine.

Jambo la kwanza nililofikiri ni jirani, ndivyo akili yangu ilivyokuwa imeharibika. Nilishavaa koti niende kumkamata ndipo jambo la pili lilipokuja, nikakaa chini tena na koti langu mwilini.

Niliomba ruhusa, nikaondoka mchana.

Mama alichelewa kufungua mlango. Nilisikia ufunguo ukigonga kitasa, ukigonga, ukigonga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo si Jumamosi."

Sebule ilikuwa safi, ila kwenye zulia palikuwa na doa kubwa la chai. Mama akakaa kwenye kiti chake. Nikaona ameukalia mkono wake wa kulia, kaukalia kabisa, kama mtu anayezuia kuku asitoke kwenye kapu.

"Fungua benki nione," nikamwambia, nikamsogezea simu yake.

"Nitafungua baadaye."

"Mama."

"Nimesema baadaye."

Nikapiga magoti mbele yake, sijui kwa nini. Tukatazamana. Mwishowe akautoa mkono, akauweka juu ya paja, na ukaanza. Kidole gumba kilizunguka juu ya cha shahada, kilizunguka, kama anasokota uzi usioonekana. Akachukua simu kwa mkono wa kushoto, akaupeleka wa kulia kwenye kioo. Namba moja ikaingia mara mbili. Akafuta. Akasita. Akaanza upya.

Nilikuwa naijua kila hatua kabla hajaifanya. Nilikuwa nimeitazama wiki nne.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Ulianza kabla ya mwaka mpya, kidogo tu. Februari ndipo ulipokataa sindano." Aliutazama mkono kama mtoto mtukutu wa jirani. "Kuna siku unatulia. Daktari ameupa ugonjwa jina. Kasema hauui haraka, ila hauondoki."

"Na wifi?"

"Alinikuta nimejimwagia chai. Hakuniuliza kitu. Akafuta, na kesho yake akaanza kunijazia kikombe nusu. Mimi ndiye niliyempa namba yangu ya siri, mimi ndiye niliyemwapisha asimwambie mtu. Ananilipia kliniki, ananinunulia dawa, anakaa nami kwenye benchi kule. Sasa wewe ukaona mwizi."

Nikasema lile ambalo kila mtoto husema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe, umwambie mdogo wako, yeye awaambie wajomba zako. Mtaitisha kikao, na ajenda ni mimi. Nani amchukue, nani alale naye, cherehani auziwe nani. Nilitaka niwe mama yenu msimu mmoja zaidi kabla sijawa mzigo wa zamu."

Nikalaza kichwa kwenye paja lake. Mkono ule ukaja wenyewe juu ya nywele zangu, ukitetemeka, na sijui kama alikuwa ananibembeleza au alikuwa ameshindwa kuuzuia.

Dawa zilikuwa zimekwisha tangu Jumatatu. Nimezinunua mimi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kwao wifi. Mama yake alinipokea kwa heshima zote, kiti kizuri, maji ya kunywa, na akatoka bila kuniangalia usoni. Wifi alikuwa anapiga pasi mashati ya baba yake. Hakuacha.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimesikia. Mama kanipigia, kanieleza mpaka habari ya mfumo wenu."

Pasi ikaenda, ikarudi.

"Unajua mume wangu aliniambiaje?" akasema. "Hakusema mwizi. Alisema, 'Kuna jambo unataka kuniambia?' Bora angesema mwizi, ningelia nikamaliza. Nami nilikuwa na jambo, na nilikuwa nimeapa. Nikanyamaza. Akakichukua kimya changu kuwa ndilo jibu."

"Kosa ni langu, si lake."

"Lake analijua. Yeye yuko njiani anakuja kulisema mwenyewe." Akageuza shati. "Ulikuwa unanitazama vidole kila ukija. Nilidhani unatazama pete."

"Ningekuuliza," nikasema, "ungeniambia?"

"Nisingekuambia."

"Sasa—"

"Lakini ungeniuliza, wifi."

Nilikaa mpaka mashati yakaisha. Aliponisindikiza mpaka kwenye lango alisema atarudi kwa ajili ya Mama, na mimi nisidhani ni kwa ajili ya kitu kingine.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilimkuta Mkuu akisukuma ndoo kwa mguu. Nikamwambia Jumatano tusiwashe Mkono.

"Sababu?"

"Utawafungia wagonjwa. Kuna magonjwa yanabadilisha mkono wa mtu. Mfumo utaona mwizi, kumbe ni mwenyewe. Atafungiwa siku hiyohiyo anayotaka dawa."

"Ni wangapi hao?"

"Sijui. Mmoja ni mama yangu."

Akavua miwani. Si mtu mbaya. Ana haraka tu. "Pole sana. Lakini hadithi ya mama yako siwezi kuipeleka juu. Watasema ni mmoja, apige simu tumfungulie. Nipe kitu cha kuonyesha."

Kitu cha kuonyesha kilikuwepo. Mkono unaodhoofika wiki baada ya wiki, umechorwa vizuri kuliko daktari yeyote angeuchora. Ila kuufungua mbele yake ni kumwonyesha pia majina ya waliowahi kuufungua, na hapo palikuwa na jina langu, asubuhi baada ya asubuhi. Ningeweza kuondoka na pole yake. Nilifikiri kuondoka, siandiki uongo.

Nikasema, "Naomba umwite Takwimu."

Takwimu alipokuja nikamtajia namba. Hakushangaa. Alifungua, Mkuu akasoma michoro, kisha akasoma majina. Matone yaliendelea kudondoka kwenye ndoo.

"Ulikuwa unamtazama mama yako," Mkuu akasema.

"Nilikuwa namtafuta mwizi wake."

"Ripoti ya Machi nimeshaituma kwa watu wa usalama wa taarifa," Takwimu akasema, akiongea na meza. "Jina lako limo. Nilikuuliza mara mbili ili uache. Ningefanya nini, dada?"

Nilimtazama. Alikuwa na macho mekundu kuliko yangu. Mwezi mzima nilikuwa namwona anaokota kuni.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Akavuta kiti, akaanza kutafuta kwenye kundi zima mikono mingine inayodhoofika kwa namna ile. Saa za kazi zilipokwisha alikuwa bado anatafuta, na ilikuwa ikijitokeza, mmoja hapa, mwingine pale. Watu ambao hatutawajua majina, na hatupaswi kuyajua.

Jumatano, 16 Aprili

Mkono haukuwashwa.

Jumanne, 22 Aprili

Kikao changu kilikuwa kifupi. Dada wa usalama, ofisa utumishi, Mkuu. Dada wa usalama aliuliza swali moja tu lililonichoma: "Kama angekuwa mama wa mtu mwingine, ungependa mfanyakazi wetu amtazame hivyo?" Nikasema hapana.

Nimepewa barua ya onyo. Nimeondolewa kwenye timu, na ruhusa yangu ya kuingia kwenye kumbukumbu imefutwa. Nitakaa kitengo cha kupokea simu za wateja mpaka waamue vingine. Mkono utawashwa Juni, lakini hautafunga. Ukitilia shaka, mtu atampigia mteja na kuongea naye kwanza. Wazo hilo Takwimu amelipeleka juu kwa jina lake. Yeye ndiye kiongozi wa timu sasa.

Labda alilipanga tangu mwanzo. Labda hakulipanga. Nimeandika sentensi hizi mbili na nimeona nilivyoiandika ile ya kwanza kwa wepesi.

Ijumaa, 2 Mei

Leo mteja amenieleza shida yake kwa muda mrefu, kumbe alikuwa anashika simu kichwa chini. Tumecheka wote wawili. Ni kazi pia.

Jumamosi, 10 Mei

Mdogo wangu alikuja, akakaa siku tatu, akarudi mradini. Yeye na mkewe walizungumza nje, juani, mbali na masikio yangu. Kikao hakikuitishwa. Mama ametangaza mwenyewe mezani nani atafanya nini, na siku zangu ni Jumamosi na Jumatano jioni. Wajomba wataambiwa atakapopenda.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekwisha. Kila kamba mtaani imebeba magodoro na mablanketi yaliyonuka ukungu msimu mzima.

Nimempeleka Mama kwenye mazoezi ya mkono asubuhi, tukarudi, akalala. Wifi alikuwa uani na blanketi kubwa ndani ya beseni. Tangu arudi tunaongea yanayohusu dawa na muda wa kliniki, na salamu. Leo akanyanyua ncha moja, akaniangalia, akasema, "Shika huko."

Nikashika. Yeye akazungusha kulia, mimi kushoto, maji yakachuruzika katikati yetu. Blanketi zito hukamuliwa na watu wawili au halikamuliwi.

"Ule mfumo wenu," akasema, bila kuacha kukamua. "Mimi uliniandika vipi?"

"Mgeni."

Akafikiri kidogo. "Na Mama?"

"Naye mgeni."

"Basi haukunionea peke yangu." Sikuona kama alitabasamu, maana aliinama kukaza.

Kabla hatujamaliza simu yake ikalia. Akaitazama, akasita, akanipa ncha yake ya blanketi. Akasogea mpaka kwenye kona ya ukuta, akanipa mgongo, akashusha sauti. Nilisikia, "Hapana, yupo hapa." Kisha akashusha zaidi.

Masikio yangu yalisimama yenyewe, kama mbwa aliyesikia geti.

Nikakumbatia blanketi lote kifuani, likanilowesha mpaka miguuni, nikanyoosha mkono nikafungua bomba hadi mwisho, ili maji yapige beseni kwa nguvu na mimi nisisikie.